Foleni kwenye Kisiagi cha Navalayo

Kisiagi cha Navalayo kilikuwa hatua mia mbili kutoka ukingo wa msitu wa Kakamega, na kila Jumamosi ya mwaka 1996 foleni ya madebe ya mahindi ilianzia mlangoni ikaishia uani kwa jirani. Anayengoja unga hana kazi ila kusema, na Navalayo, aliyechoshwa masikio na mashine, alipenda zaidi watu waandike. Alitundika ubao mweusi ukutani, akaweka chaki kwenye kopo.

Mtu aliandika alichokiona njiani, na jina lake chini. Aliyekubaliana naye alichora kistari hapo chini; aliyepinga aliandika kando; asiyejua kuandika alimtuma aliye mbele yake. Protus wa Likuyani alipodai ameona hondohondo kumi na wawili, alijibiwa kwamba alikuwa amemhesabu mmoja mara kumi na mbili, na vistari chini ya jibu hilo vilijaa hadi kwenye fremu. Protus alisusa wiki mbili, kisha akarudi na habari za vyura.

Ofisi iliyotoa vibali vya kukata miti ilisikia habari za ubao huo. Ikamtuma karani wake Cornelius, kijana mpole wa Amalemba aliyevaa tai hata kwenye matope, akiwa na fomu. Kati ya barabara na chemchemi palikuwa na kipande cha msitu ambacho kampuni moja ilikuwa imepewa kibali cha kukikata. Wananchi wahesabu wenyewe, alisema Cornelius. Miti mikubwa ikipungua chini ya mia tatu, kibali kitasimamishwa.

Navalayo alitia sahihi papo hapo. Mamake alimwogesha kwenye chemchemi ile, naye akamwogesha bintiye Jescah na wadogo zake hapo. Miti ya juu yake ikiisha, maji yangeisha, na hilo halikuhitaji fomu.

Hesabu ya kwanza ilikuwa miti mia tatu arobaini na mmoja. Wiki ya tano Hasina, mzaliwa wa Mumias aliyeuza omena sokoni, alitoka msituni na viatu mkononi, akaandika ubaoni: Ule mutere wa juu ya chemchemi haupo tena. Inna lillahi. Vistari vilifika hamsini na viwili. Mtu aliongeza kwamba ulikuwa mti wenye adabu, haukuwahi kumwangushia mtu tawi.

Saa kumi na mbili jioni mutere huo ulifika ukapanga foleni. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno, mkato safi, na ulisimama juu ya mkato huo huku unga wa mbao ukimwagika kidogo kila ulipopiga hatua. Uliinamisha matawi usigonge mabati. Mama aliyekuwa nyuma alisogeza debe lake.

“Mulembe,” Navalayo aliusalimu. “Karibu. Huko hawajambo?”

Mutere ulitikisa majani machache. Ulikaa hadi mashine ilipozimwa, ndipo ukaondoka.

Baada ya hapo kila mti ulioliliwa ubaoni ulifika jioni ya siku hiyo, na ukishafika mara moja haukuacha kuja. Hasina alitandika magunia ili utomvu usichafue sakafu. Mmoja ulikuja na kima wake, akala mahindi ya watu, akakemewa kama kima yeyote. Navalayo aliipenda miti ile. Haikusukumana, haikulalamika kwamba unga ni mzito, na kivuli chake kilipoza hata mashine.

Shida ilikuwa fomu. Wiki ya kumi na mbili, miti iliyobaki msituni ilikuwa mia mbili themanini na minane. Navalayo aliiandika idadi hiyo, moyo ukamtulia: kibali kimekwisha. Kisha akainua macho, akaona miti hamsini na mitatu imesimama foleni mbele yake. Kwao, kabla unga haujatiwa kwenye maji ya obusuma, yaani ugali, kila aliyepo huhesabiwa, hata aliyepita kuuliza njia. Kumwacha nje ya hesabu aliyesimama mlangoni pako ni kumwambia hana kwao.

“Dada Hasina, hawa nitawaandika wapi?”

“Waandike tu, Mama Jescah. Wamesimama hapo tangu saa kumi. Utawaambia nini?”

Navalayo alipiga mstari, akaandika chini yake kwa mwandiko wa kusomeka: Waliokatwa lakini wamefika, 53.

Jumatatu jioni Cornelius alikuja. Aliisalimu miti, akaihesabu mwenyewe kwa kalamu, mmoja mmoja, kisha akajumlisha. Mia tatu arobaini na mmoja. Alisema hajawahi kuona msitu uliotunzwa hivi, haujapotea hata mti mmoja.

“Karani, hawa wamekatwa. Angalia miguu.”

“Naona, mama. Lakini fomu haiulizangi kama wamekatwa. Inauliza kama wako.” Alirekebisha tai. “Na wako.”

Kibali kiliongezwa mwaka mmoja, pamoja na barua ya kuwashukuru wananchi.

Navalayo aliandika fomu nyingine bila wageni. Iliuma kuiandika mbele yao. Aliwaomba radhi kwanza. Ofisi ilijibu kwamba hesabu ya awali ilithibitishwa na karani kwa macho yake, na haibadilishwi hadi mwaka uishe. Alimkasirikia Cornelius, akajikasirikia yeye mwenyewe zaidi, na bado hakuona mahali ambapo angeweza kumfukuza mgeni.

Kufikia Desemba kipande chote kilikuwa kimekatwa. Foleni ya miti ilifika barabarani, na watu walikuja kupumzika chini yake hata bila mahindi. Jumamosi moja Hasina aliandika ubaoni kwamba chemchemi imekauka. Hakuna aliyebisha. Vistari vilijaza ubao, vikaendelea ukutani.

Jioni chemchemi ilifika. Ilipita katikati ya madebe bila kulowesha magunia, ikasimama nyuma ya mutere. Navalayo alizima mashine ili aisikie. Kisha akapiga magoti, akazamisha debe. Maji yalimfika viwikoni, baridi ileile, na kokoto zilionekana chini. Alipolitoa, debe lilikuwa kavu.

“Karibu, mama,” akaiambia. “Kaa hapa, hakuna jua.”

Jumatatu Cornelius aliikuta, akainama kuitazama, akaandika kwamba chemchemi ipo. Aliuliza alipo Navalayo ili atie sahihi. Hasina alimwambia ameenda mtoni kuteka maji, na kwamba ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo avute kiti angoje.