Siyo Isaka

Bartholomayo alikuwa kinyozi Masasi mjini kwa miaka ishirini na miwili, na Jumamosi ile miguu ilimvimba tangu asubuhi. Ulikuwa msimu wa korosho. Wakulima walitoka mnadani moja kwa moja hadi kwenye kiti chake. Ilipofika zamu ya Isaka, mkulima wa Nanganga, macho ya kinyozi yalikuwa yanajifumba. Wembe ukateleza, ukapasua kipele shingoni mwa Isaka, kisha ukamchana kinyozi mwenyewe kidole.

"Pole, kaka," alisema, akitafuta pamba na spiriti aendelee na kazi.

Isaka akamzuia. "Kaoshe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu nenda hospitali leo hii. Nina virusi vya homa ya ini. Niliambiwa nilipokwenda kumchangia dada yangu damu. Nilitakiwa nikwambie kabla sijakaa."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliinuka, wakaondoka bila kuaga.

Hospitali, Bartholomayo alisubiri foleni mpaka saa nane mchana. Muuguzi, aliyeitwa Yasinta, alimtoa damu, akarudi na majibu: anavyo virusi.

"Basi Isaka kanimaliza," alisema Bartholomayo.

"Hapana, baba. Umejikata leo, vya leo visingeonekana leo. Hivi unaishi navyo siku nyingi. Umeshajikata mara ngapi kazini?"

Angejuaje? Miaka ile ya mwanzo wembe mmoja ulinyoa vichwa mpaka uwe butu. Akajiuliza ni wangapi waliopata damu yake, akaona uchovu umempanda hadi kwenye meno.

Yasinta alimwandikia vipimo vya ini na tarehe ya kliniki. Hakumkataza kazi. Alimtaka avae glavu, afunike kila kidonda, kila mteja awe na wembe wake mpya. "Na mkeo aje apimwe," akamaliza.

Kufikia Jumatatu, mji ulikuwa umeshaamua kwamba Isaka kamwambukiza kinyozi. Isaka alikuja mwenyewe, macho mekundu.

"Kaka, niambie ukweli. Nimekuua?"

Watu watatu walikuwa wakingoja zamu. Bartholomayo aliwatazama mmoja mmoja. Kunyamaza kungekuwa rahisi: Isaka angerudi Nanganga na lawama yake, na yeye angebaki na wateja wake. Akaketi kwenye kiti cha kunyolea.

"Siyo wewe," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Mimi nilikuwa navyo kabla yako, sikujua. Aliyenyolewa hapa akajikuta na jeraha, akapime."

Isaka alijifunika uso kwa viganja, akalia. Siku ile hakunyolewa mtu mwingine, na wiki zilizofuata benchi lilikaa nusu tupu.

Jumatano alimpeleka mkewe, Helena, akapimwe. Hakuwa na virusi. Akachomwa sindano ya kwanza ya chanjo kati ya tatu, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu, wakipanda kilima, jua likiwachoma.

"Mama Dunstan, sema neno," alisema Bartholomayo.

"Nimekasirika," alijibu Helena, akilibana bega lililochomwa. "Lakini leo nimechoka. Tutagombana kesho."

Akamshika mumewe mkono, wakaendelea kupanda.