Kipande cha Ubongo wa Mzee Wafula

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, asubuhi ya manyunyu na baridi kali, Daktari Lalita alisimama mbele ya waombolezaji mtaani Kangemi. Tangu apate shahada ya uzamivu, alikuwa akichunguza virusi vya kupe vinavyoshambulia ubongo. Mzee Wafula, mchinja mbuzi, aliumwa na kupe, akasahau majina ya wanawe, kisha akafa akitetemeka. Sasa wenzake wawili wa machinjioni walikuwa wameanza kusahau pia. Lalita aliomba kipande kidogo cha ubongo wa marehemu.

"Kwetu mtu huzikwa mzima," alisema Were, nduguye marehemu. "Ama unataka huko mbinguni aulizwe jina, ashindwe tena?"

Watu walicheka kwa uchungu. Lalita alimwomba Mungu kimoyomoyo.

Mjane akainua mkono. "Shemeji, ngoja. Daktari, mkimaliza mnakipeleka wapi?"

"Tunakichoma, mama."

Kwao Lalita, Wahindu, maiti huchomwa kwa heshima, na neno lilimtoka bila kufikiri. Hapa lilitua kama tusi. Wazee wakaanza kuinuka.

"Mume wangu si takataka," mjane alisema. "Rudisha, au usichukue."

Lalita alimwaza mkubwa wake wa maabara, ambaye angekataa, kisha wale wagonjwa wawili. Akapaza sauti:

"Nyote ni mashahidi, na Mungu pia. Nikishaviua virusi kwa dawa, nitakileta mwenyewe, nikizike kando yake kwa mikono yangu."