Bamba la Ishirini na Saba

Mama Kipaza ana kinywa, na kinywa hicho ndicho kilichotaka kumzika Bibi.

Bibi ni meli. Tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia hivyo huanza kutoa pole. Ni meli ya matembezi, ya sitaha mbili, inayozungusha watu ziwani kila Jumamosi na Jumapili, watoto wakidondosha aiskrimu na wachumba wakipigana picha. Miaka kumi na miwili Mama Kipaza amesimama pale mbele na kipaza sauti chake akiwahadithia abiria historia ya Bibi, hata majirani wamesahau jina alilopewa na wazazi wake.

Historia yenyewe ilikuwa tamu, haikuhitaji kuongezwa kitu. Bibi aliundwa ng'ambo, akafunguliwa vipande vipande, kila kipande kikapigwa namba, akaletwa ndani ya makasha na kuungwa upya kando ya ziwa dogo la juu. Akabeba barua na magunia. Ziwa lile lilipoanza kukauka akakatwa katikati kama mkate, akapita barabarani mpaka ziwa hili kubwa, akaungwa tena. Nani angepiga miayo hapo? Lakini kwa Mama Kipaza maneno yasiyo na chumvi hayapiti kooni. Ziwa ni la maji baridi. Chumvi yote ilitoka kwake. Kila safari alimalizia hivi, mkono kifuani: "Na tangu azaliwe, miaka sabini sasa, mabibi na mabwana, Bibi hajabadilishwa hata bamba moja la chuma. Mnaelea juu ya chuma kile kile!"

Watu walipiga makofi, na makofi yale yalimlevya. Kumbe Jumapili moja, kati ya abiria, alikuwemo mkaguzi wa meli, amekuja kupunga upepo na mkewe na wanawe. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akatoa kalamu.

Barua ilifika Jumatano. Nahodha, ambaye ni mjomba wake Mama Kipaza, alimsomea kwenye chumba cha usukani.

"'Kwa mujibu wa maelezo ya mtumishi wenu mwenyewe,'" akasoma, "'mabamba ya chini yana umri wa miaka sabini. Chombo kinasimamishwa. Usipoletwa uthibitisho tofauti ndani ya siku saba, kitakatwa kuwa chuma chakavu.' Mtumishi wetu mwenyewe! Ni nani huyo, mpwa wangu? Maana mimi nina mtumishi mmoja tu mwenye maelezo."

Mama Kipaza akakaa chini palepale, juu ya rundo la kamba. Mdomo ulikuwa umekiponza kichwa.

Kanuni ni kwamba mabamba yakivuka miaka hamsini, meli haipakii abiria. Kilichomuuma zaidi ni kuwa ya Bibi hayakuwa na miaka sabini hata kidogo. Yalibadilishwa yote ya chini miaka thelathini iliyopita, Bibi alipovutwa nchi kavu kwenye chelezo. Na Mama Kipaza alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu fundi aliyeyachomelea ni baba yake mzazi.

"Karatasi za chelezo ziko wapi, Mjomba?"

"Zilikuwa stoo. Paa likavuja, mchwa wakamalizia."

"Basi nitamwambia mkaguzi ukweli."

"Jumapili umemwambia hivi, leo umwambie vile, akuamini kwa lipi? Nenda kwa baba yako."

"Baba hapandi Bibi. Magoti yake."

Nahodha akamtazama kwa upande. "Magoti! Shemeji yangu juzi alikuwa juu ya paa anaziba bati. Nenda ukaseme naye, mwanangu. Mficha uchi hazai."

Baba yake anaitwa Mzee Cheche, kwa sababu hakuna shati lake ambalo cheche za kuchomelea hazikulitoboa. Alimkuta uani akinoa panga kwa tupa. Akamwamkia, akavuta kigoda, akatoa yote bila kubakiza. Mzee hakuinua kichwa. Tupa iliendelea, kwa mbele, kwa nyuma.

"Hata bamba moja," akasema hatimaye.

"Baba..."

"Siku ya kwanza uliponialika nilivaa shati jipya. Nikakaa kiti cha mbele. Nikasema moyoni, leo mwanangu atanitaja. Miezi mitano nililala chali chini ya meli ile, cheche zinaniingia shingoni, macho kama yametiwa mchanga. Mabamba arobaini na moja! Wewe ukasema hata moja."

"Ulisema ni magoti."

"Ulitaka niseme nini? Mtu mzima nimenuna kwa ajili ya mabamba?"

Lo! Ndipo Mama Kipaza alipokiona alichokifanya. Miaka kumi na miwili alikuwa anamfuta baba yake mchana kweupe, tena kwa kipaza sauti, na kila jioni anakuja kumwamkia.

"Watu wanapenda vya kale, Baba," akasema, machozi yanamtoka. "Nikaona vilivyobadilishwa havina makofi. Nimekukosea. Nisamehe."

Mzee akapuliza vumbi la chuma kwenye panga. Akalitazama makali. Akapuliza tena, ingawa vumbi lilikwisha.

"Kila bamba nililipiga alama kwa tindo, upande wa ndani, kwenye pembe, kabla ya rangi. Mwaka na namba. Mwambie huyo mkaguzi wako aje na tochi."

"Na wewe utakuja?"

"Sasa tindo langu atalibeba nani, wewe?"

Jumatatu asubuhi wote wanne walikuwa wamechuchumaa ngamani, kule chini kabisa tumboni mwa meli, kwenye harufu ya mafuta na maji yaliyolala. Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, wa maneno ya kuhesabu.

"Mama, si ulisema..."

"Nilidanganya, bwana mkaguzi."

"Mara moja?"

"Kila wikendi. Miaka kumi na miwili."

Mkaguzi akakohoa. Haikujulikana kama ni kikohozi kweli.

Nahodha akahesabu mbavu za meli kwa kidole mpaka ule aliotajiwa na Mzee Cheche, penye pembe ya bamba, akaonyesha, Mzee Cheche akaanza kukwangua. Ikatoka rangi nyekundu, ikatoka ya kijivu, kikabaki chuma kitupu. Hamna kitu. Akasogea shubiri moja, akakwangua tena. Hamna. Mkaguzi akaangalia saa. Mama Kipaza alishamwona Bibi akikatwakatwa na kupakiwa kwenye lori.

"Baba, una hakika?"

"Nyamaza." Mzee akamgeukia nahodha. "Shemeji, umehesabu kutokea wapi?"

"Mbele. Kutokea wapi tena?"

"Ndiyo ninyi manahodha, mnajua mbele tu! Fundi huhesabu kutokea nyuma, kwenye rafadha inayosukuma meli, ndiko chuma huanza kuliwa. Umenikwangulisha katikati ya bamba bure, na pembe iko kule. Sogea!"

Wakatambaa. Akakwangua. Ikajitokeza tarakimu, ikafuata nyingine, hadi mwaka wote ukasomeka, na chini yake: ishirini na sita. Mkaguzi akaweka kifaa chake cha kupimia unene juu ya chuma, akasubiri.

"Milimita saba na nusu," akasema. "Hili bamba bado kijana."

Mama Kipaza akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatano. Akacheka, akalia, akamshika baba yake mkono wenye mafuta asitake kuuachia.

Mkaguzi, sasa amenogewa, akaliomba tindo akwangue bamba linalofuata kwa mkono wake. Hapo maandishi yalikuwa marefu. Akaleta tochi karibu.

"Ishirini na saba," akasoma. "'Leo chakula kimechelewa.'"

Kisha nahodha akaangua kicheko mpaka akajigonga kichwa kwenye boriti ya juu.

"Na hii niiandike kwenye ripoti?" mkaguzi akauliza.

"Iandike," Mzee akasema. "Aliyekuwa ananiletea chakula ni huyu hapa. Wakati huo ana miaka tisa. Akasimama njiani kuwahadithia wenzake habari za meli. Mimi huku njaa inaniuma, tindo mkononi. Ningefanya nini?"

Walipima mabamba kumi zaidi, yote mazima. Mkaguzi akatia sahihi juu ya goti lake. "Na wewe, mama," akasema akipanda ngazi, "chumvi upunguze. Inaozesha chuma."

Jumapili Bibi akang'oa nanga, amejaa mpaka sitaha ya juu. Mzee Cheche alikaa kiti cha mbele, na shati jipya. Mama Kipaza akawapitisha abiria kwenye makasha, kwenye magunia, kwenye barabara. Alipofika pale pa makofi, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mabamba yake ya chini yalibadilishwa. Yote, arobaini na moja. Fundi mmoja, miezi mitano, amelala chali. Ni yule pale anayejifanya anaangalia maji."

Abiria wakageuka. Wakapiga makofi, tena marefu kuliko ya chuma kile kile. Mzee akakohoa, akarekebisha ukosi.

"Umeruka la ishirini na saba," akasema kwa sauti ya kusikika.

"Sijaliruka, Baba," Mama Kipaza akajibu, kipaza sauti kikiwa wazi. "Nilichelewa. Lakini nimefika."