Mfu wa Mteremkoni

Sululu iligonga jiwe, na jiwe likalia kama mtungi mtupu. Dorkis aliacha kuchimba. Lilikuwa shimo la mwisho la siku hiyo. Miche ya mizeituni iliyosalia ilikuwa imelazwa kivulini, mizizi imefunikwa nyasi mbichi. Alipogonga tena, udongo ulizama ukaacha tundu jeusi, na baridi ya chini ikampanda miguuni.

"Unachimba kisima?" aliuliza Filura, mkewe, aliyekuwa akiokota mawe.

"Njoo uone."

Chini kulikuwa na chumba kilichojengwa kwa mawe ambayo hakuna mtu wa siku hizi angeweza kuyanyanyua. Ndani yake ililala mifupa mirefu, na ubavuni upanga uliogeuka kijani. Ulikuwa wa shaba, si wa chuma. Watu wa shaba walikuwa wamekwisha zamani sana, hata walivyokwisha hakuna aliyejua.

"Funika," alisema Filura. "Funika sasa hivi, panda mti juu yake, twende tukale."

"Nimemvunjia paa, Filura. Mfu akiamshwa kisha akaachwa na njaa, mvua itatupita."

"Mwenye njaa hapa ni mimi."

Dorkis hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kesho yake alimmiminia mfu divai na asali, akamchinjia kondoo, akachoma paja mbele ya tundu. Moshi ukapanda. Enzi za babu yake, aliyeufyeka mteremko huo, moshi kama huo usingeonwa na yeyote. Ungeweza kutembea kutoka milimani hadi baharini usikutane ila na mbuzi. Siku hizi nyumba zilijaa watoto, kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, meli zilifuata mafuta ya zeituni, na majirani waligombania hata kivuli cha mtini. Moshi ulionwa kabla nyama haijaiva.

Bwana Agelas, mwenye mashamba makubwa, alipanda mteremko na mbwa wake, na mwimbaji wake nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa nzige aliwafungulia watu ghala lake. Alichuchumaa akautazama ule upanga kwa muda mrefu, na aliposimama macho yake yalikuwa na machozi.

"Dorkis, unajua umemfukua nani?"

"Sijui, bwana."

"Babu yangu."

Hakuna aliyecheka, ingawa Filura alipaliwa na kikohozi.

Baraza liliketi kwenye uwanja wa kupuria. Vijiji vile vilikuwa vikiungana kuwa mji mmoja, na watu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wameanza kudai malisho. Mji usio na mfu wake mkubwa, wa kuonyesha kuwa ardhi ni yake tangu zamani, ungemjibu nini jirani? Mwimbaji alisimama, akataja mababu wa Agelas mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia mungu.

"Na wewe, Dorkis? Kama mfu ni wako, tutajie."

"Mimi ni Dorkis wa Nikon. Nikon wa Telas. Telas alikuja na mbuzi."

"Alitoka wapi?"

"Alitoka... huko."

"Basi babu yako beberu!" alipaza sauti Simos mfinyanzi. Watu wakaangua kicheko, na Dorkis mwenyewe akatabasamu, maana lilisemwa vizuri.

"Angalau beberu tunamjua!" Sauti ya Filura ilitoka nje ya uwanja, walikosimama wanawake. "Mababu wa bwana walipotajwa arusini mwaka juzi, walikuwa nusu ya hao! Wanazaliana kaburini?"

Akanyamazishwa, na baraza likaamua kwamba mfu ni babu wa Agelas, shujaa wa mji, na ajengewe ukuta.

Dorkis aliomba jambo moja tu: ukuta uzunguke kaburi peke yake, miche yake ya mizeituni iachwe.

"Shujaa hawezi kupewa kona kama mpangaji," Agelas alimjibu kwa upole. "Atachukua mteremko wote. Lakini siku ya sikukuu yake, wewe ndiye utakayetangulia na mtungi wa maji. Mji mzima utakuona."

"Na siku nyingine nitakula nini, bwana?"

"Mashamba yangu yanataka mikono. Au panda meli, wengi wanakwenda kutafuta ardhi magharibi."

Dorkis alizitazama mvi za kifuani mwake.

Kila nyumba ilitoa mtu wa kujenga. Dorkis aliwekwa mbele, kwa kuwa hakuna aliyeyajua mawe ya pale kama yeye. Miche iling'olewa, eti mizizi ingemsumbua mfu. Filura aliikusanya akaitia kwenye mtungi wa maji, na majani yake yakaanza kujikunja.

Jua lilipozama lilibaki pengo moja tu ukutani.

"Tuache," alisema Simos, akijipangusa vumbi. "Kesho tutaliziba."

Filura alikuja na mkate wa shayiri. Walikula wameketi chini, nje ya ukuta.

"Ungemwacha na njaa," alisema.

"Nisingeweza."

"Najua."

Walipomaliza, Dorkis aligeuzageuza mawe yaliyosalia. Alipata moja lenye uso ulionyooka, akalipima kwenye pengo, likakaa sawasawa. Akalitoa tena, kwa kuwa la chini yake lilikuwa halijawekwa, akalilaza karibu, uso wake mzuri juu, ili asubuhi wasihangaike kulitafuta.