Jibu la Yaya Mwanne Liko Njiani

Kwa heshima zote zinazostahili, naanza na dada yangu mkubwa. Ukimwuliza Yaya Mwanne kama anataka chai, usisimame pale na birika. Nenda ukafagie, ukateke maji, ukagombane na jirani. Jibu litakuja. Litakuja zima, limevaa vizuri, na mara nyingi litakuwa: "Ndiyo, ila sukari kidogo." Daktari aliita hali yake ulemavu wa akili. Nyumbani kwetu tunasema tu kwamba maneno yanakuja kwake kwa miguu.

Yaya ni mwanachama wa Nafasi, chama cha hapa Kalemie ambamo watu kama yeye hukutana, hujifunza kazi, huanika ndagaa uani na kwenda kuwauza sokoni. Kanuni za chama zinasema makamu wa rais sharti awe mmoja wao, si mzazi wala mfadhili. Mama Bertille, aliyekianzisha, alikuwa akimwuliza makamu swali, kisha anatoa kitambaa chake na kushona mpaka jibu lifike. Lakini magoti ya Mama Bertille yalichoka, akarudi kwao Mpala. Makamu naye akahama na wazazi wake. Wanachama wakamchagua Papa Prospère kuwa rais mpya, kikabaki kiti kimoja.

Yaya alikitaka kile kiti. Hakusema, lakini tangu nirudi likizo kutoka internat, shule ya bweni ya masista kule Moba, nilimwona kila siku akimaliza kufagia ukumbi, anakikalia kidogo na kuwatazama kwa upole watu wasiokuwepo.

Siku ya mkutano mkuu upepo wa ziwa uliingia madirishani ukanusa kila mtu. Papa Prospère alisimama, shati limepigwa pasi hata makwapani. Si mtu mbaya. Alikuwa mkuu wa stesheni kabla ya kustaafu, na alitaka chama kiende kwa saa.

"Mama Mwanne," alisema, "wenzako wamekupendekeza. Unakubali kuwa makamu wetu?"

Yaya akamtazama. Akatazama dirisha.

Papa Prospère akakohoa.

"Nimeuliza kwa heshima, hajajibu," alisema. "Nani atanilaumu? Tusikilize neno la shukrani, halafu tufunge. Kama mpaka hapo bado hajajibu, tutabadilisha kanuni na kiti atapewa Mwalimu Christophe."

Mwalimu Christophe, anayewafundisha wanachama kazi, ambaye tai yake nyekundu ilikuwa imekaa tayari, aliinua shingo kama kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa.

Mama Ketsia, muuza sabuni ambaye mwanawe Valère ni mwanachama, akapaza sauti kutoka nyuma: "Papa Prospère! Treni ya Kabalo tulikuwa tunaingojea mpaka watoto wanaota meno, na wewe unatuambia, 'Mukae, iko njiani!' Leo jibu la muntu ndo halina ruhusa ya kuchelewa?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Treni ni treni," alijibu Papa Prospère, masikio yamemwiva. "Neno la shukrani!"

Neno la shukrani lilikuwa langu. Familia zilinipa kazi hiyo kwa sababu ninasoma kwa masista. Hakuna aliyewaambia kwamba kule bwenini hotuba yangu inayosifiwa zaidi ni ile ya kuaga sufuria ya maharage yaliyoungua.

Kwetu, anayesimama kusema husalimu kwanza wakubwa wote kwa vyeo vyao. Mwenye haraka husema "protokole imezingatiwa" na kuwaruka. Mimi sikuwa na haraka. Jibu la Yaya lilikuwa njiani, nami ningeushikilia mkutano mpaka lifike.

"Mheshimiwa Rais wa Nafasi," nilianza kwa sauti ya askofu. "Mheshimiwa Katibu. Waheshimiwa wazee wa parokia. Mheshimiwa Shehe na ujumbe wako wote."

Shehe alikuwa amekuja peke yake, lakini aliinamisha kichwa kwa niaba ya ujumbe.

"Na mimi!" alisema Valère.

"Mheshimiwa Valère, mwanika ndagaa mkuu wa jimbo zima la Tanganyika."

"Tena!"

Nikarudia.

"Mutoto," alisema Papa Prospère, "sema protokole imezingatiwa!"

"Papa Rais, nikimruka hata mmoja watasema sikulelewa. Waheshimiwa mliokaa dirishani. Mheshimiwa fundi uliyetengeneza benchi hili linaloyumba."

Nikaendelea, na taratibu ukumbi ukaanza kuelea. Pazia lilijaa upepo likatulia, likajaa tena. Mwanga wa ziwa ulitembea darini kama maji yaliyosahau kuwa chini. Niliwasalimu ndagaa waliokuwa wakimetameta uani. Niliusalimu mlima nyuma ya mji, na boti za Moba, na wale wa ng'ambo ya Kigoma ambao hawakualikwa. Macho ya watu yalilegea. Mzee mmoja wa parokia aliitika usingizini. Hata Papa Prospère aliegemea ukuta akitazama mbali, kama aonaye reli peke yake. Sauti yangu ilikuwa imenitangulia, nami nikaifuata kwa mshangao, nikiona kila kitu duniani kina cheo, na kila chenye cheo kinangoja kuitwa.

"Djamila," alisema Yaya Mwanne.

"Yaya?"

"Nyamaza."

Ukumbi ukaamka.

"Jibu likifika mlangoni, unalisalimu," alisema. "Linarudi."

Katika maisha yangu nimefukuzwa darasani, kanisani walikonipeleka masista, na mara moja kwenye arusi. Sijawahi kukaa chini kwa haraka kama siku hiyo. Papa Prospère akafungua mdomo.

"Na wewe, Papa," alisema Yaya.

Papa Prospère akaufunga.

Pakawa kimya cha kweli, kile ambamo mtu anasikia hata pazia. Yaya alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti. Mwalimu Christophe aligusa tai yake, akaona aibu kwa kelele za vidole vyake.

"Nakubali," alisema Yaya. "Maswali munipe asubuhi. Nitajibu jioni."

Mama Ketsia alipiga kigelegele mpaka mzee wa parokia akasema "Amina." Papa Prospère akakisogeza kiti cha makamu karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe, na Yaya akakaa.

"Basi, Makamu," aliuliza, "tufunge mkutano?"

"Ayi, Papa!" Mama Ketsia alisema. "Hilo ungeliuliza asubuhi!"

Lakini lilikwisha kuulizwa. Yaya akatazama dirisha. Papa Prospère aliketi, akakunja mikono. Valère akalaza kichwa kwenye bega la Shehe, na Shehe akamwachia. Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa na utani mmoja mzuri sana, tayari ulimini, na watu wote wa kuucheka walikuwa mbele yangu.

Nikaumeza.