Saa Kumi kwa Sauti ya Mumbi

Annonciata alifika kabla maktaba haijafunguliwa. Mumbi alimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama mvuani bila mwavuli, sare ya kampuni ya usafi ikichungulia chini ya koti, na mkononi ameshika mfuko wa mkate uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko hamkuwa na mkate. Mlikuwa na barua.

"Mama Mumbi," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo mlango ulipofunguka, kabla hata ya salamu. "Banasema mi njo nimekatala nyumba. Miye, nikatale nyumba?"

Mumbi alimvuta ndani, akamkalisha karibu na kipasha joto, akafungua fundo. Barua ilikuwa kavu kabisa. Mwenyewe alikuwa amelowa mpaka kope.

"Nisomee polepole. Jirani yangu Stéphanie alisoma, lakini mutoto wake alikuwa analia, anasoma mbiombio."

Barua ilikuwa fupi. Jumanne, saa nne asubuhi, Annonciata alitakiwa afike ofisi ya makazi kutia sahihi ya nyumba ya vyumba viwili. Hakufika. Kwa hiyo kaunsili, halmashauri ya mji, ilihesabu kwamba ameikataa kwa hiari yake, na wajibu wa kaunsili kwake umekwisha. Chumba cha hosteli alichoishi na binti yake kwa miaka minne alitakiwa kukikabidhi Ijumaa ijayo. Kama haridhiki, atume malalamiko kupitia Msaidizi, siku ya mwisho leo.

"Jumanne ulikwenda?"

"Nilikwenda! Nilifika saa tisa na nusu, nikakaa. Yule wa mulangoni akasema, umechelewa. Nimechelewa namna gani, na saa kumi haiyafika?"

"Saa kumi? Nani alikuambia saa kumi?"

Annonciata alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyesahau jina lake mwenyewe.

"Si weye?"

Mumbi aligeuka, akaitazama mashine.

Ilisimama katikati ya ukumbi, palipokuwa na meza ya wakutubi, nyeupe na ndefu kama jokofu. Mbele yake sakafuni kulikuwa na mstari wa manjano. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuuvuka mteja akiwa kwenye skrini, wala kumgusia kitufe. Kaunsili iliiita Msaidizi. Ilizungumza lugha kumi na tisa, na ukiiuliza kwa mdomo ilijibu. Kwa Kiswahili ilijibu kwa sauti ya Mumbi.

"Nenda kaiulize tena," Mumbi alisema. "Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Annonciata akavuka mstari, akaweka kadi yake, akauliza kwa adabu, kana kwamba anamwuliza mtu mzima: "Tafadhali, ile miadi yangu ya nyumba ilikuwa siku gani?"

"Miadi yako," ilisema sauti ya Mumbi, yenye furaha, "ilikuwa. Jumanne. Saa. Kumi."

Kila neno lilitoka peke yake, kama meno ya bandia yakiwekwa mezani moja moja. Mumbi alilitambua lile "kumi". Alikumbuka hata siku aliyolisema.

Ilikuwa mwaka juzi. Vijana watatu wa kampuni ya mitambo walikuja na kipaza sauti, wakajifungia naye kwenye chumba cha watoto kwa sababu mito ya kukalia ilizuia mwangwi. Soma sentensi hizi, walisema. Soma siku za wiki. Hesabu moja mpaka sitini. Mumbi alihesabu kwa fahari. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile ya ugenini mtu alikuwa anaihitaji lugha yake kwa jambo lingine zaidi ya kutafsiria polisi. Alipomaliza aliwaambia, bila kuulizwa, kwamba saa zetu huhesabiwa tofauti. Sisi siku inaanza na jua, si usiku wa manane. Saa kumi yenu ya asubuhi ni saa nne yetu, na saa kumi yetu ni jioni, watu wanatoka kazini. Mmoja wao aliandika maneno hayo kwenye simu. "Tutalishughulikia awamu ya pili," alisema.

Awamu ya pili haikuja. Kilichokuja ni barua ya kuwapunguza wakutubi kutoka saba hadi wawili.

"Lakini kwenye skrini si kulikuwa na maandishi?" Mumbi aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Maandishi inapita kama treni, mama. Na mi najua sauti yako. Nitasoma ya nini?"

Uthibitisho wenyewe ulikwenda kwenye imeli. Imeli hiyo Mumbi ndiye aliyemfungulia, zamani, katika darasa la Alhamisi. Miaka kumi na minane Mumbi alikuwa akijifunza upya kazi ile ile. Alianza na kadi za katalogi kwenye droo za mbao. Zikaja kompyuta, akajifunza. Zikaja kurasa za mtandao, fomu, nywila, namba za siri zinazotumwa kwenye simu, na kila kilipokuja kipya alikaa nacho nyumbani kwake mpaka akakielewa, kisha Alhamisi akawafundisha wengine: wazee, wafagiaji, mama wa Kikongo waliokishika kipanya kama yai. Kurasa zilibadilika, Mumbi akabadilika nazo. Mwaka jana darasa likafutwa. Tovuti mpya inajieleza yenyewe, waliandika. Tangu siku hiyo Annonciata hakuwahi kuifungua imeli yake.

Griffins, ofisa wa kaunsili, alikuwa pembeni, kwenye kile kilichokuwa chumba cha watoto, na kompyuta yake ya mapajani. Kila Ijumaa alikaa kwenye tawi lao. Cheo chake kilikuwa kirefu, na neno la mwisho lilikuwa mageuzi. Alikuwa Mkenya kama Mumbi, mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, na walipobaki wawili alimwita dada.

"Griffins, mashine imempa huyu mama saa ya uongo. Nne imeifanya kumi. Ananyang'anywa nyumba."

Griffins hakuinua macho. "Rekodi inasema kumi. Miadi ilikuwa kumi. Kumi ni kumi, dada."

"Kumi ni kumi ukihesabu viti. Wewe umezaliwa Kakamega. Mama yako alikuwa anakuamsha saa ngapi kwenda shule?"

"Saa kumi na moja, na maji baridi kwa uso," akasema Griffins, akacheka kabla hajajizuia. Kisha kicheko kikamkauka. Akafunga mlango, lakini ulikuwa mlango wa chumba cha watoto, umekatwa nusu, na juu ulikuwa wazi.

"Najua, Mumbi. Kila mtu wa kwetu anajua. Lakini mkandarasi hajui, na mkataba haujui."

"Basi andika wewe unayejua. Karatasi moja tu. Mashine ilikosea."

"Mashine?" Akaegemea kiti. "Sauti ni ya nani?"

Mumbi aliitazama mashine juu ya mlango nusu.

"Kuna fomu. 'Matamshi yote yamethibitishwa na msemaji.' Sahihi ni yako. Sasa ukiandika kwamba sauti ilimdanganya, umeandika kwamba wewe ndiye ulimdanganya."

"Niliweka sahihi kwamba nimesema 'kumi'. Sijawahi kusema 'saa kumi'."

"Hiyo tofauti kamweleze wakili." Akaugeuza uso wa kompyuta umwelekee. Kulikuwa na safu za rangi. "Ona mwezi uliopita. Watu mia nne wamehudumiwa bila kumgusa mfanyakazi. Unajua tumeokoa saa ngapi?"

"Za Kiswahili au za Kizungu?"

"Usinifanyie mzaha!" Sauti yake ilipanda, ikavuka mlango nusu, ikatembea ukumbini. "Mwezi wa sita wanachagua nani abaki. Kila uso mwekundu ambao mteja asiyeridhika anaubonyeza kwenye hiyo mashine ya tawi hili unahesabiwa juu yako. Juu yako, si juu ya mashine! Na Jumatatu kamera imekuona ukimshikia mzee kipanya. Unataka niandike gani kwanza?"

Mumbi alitoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akachukua karatasi na kalamu, akaandika kwa mkono, kwa Kiingereza kilichonyooka: mimi ndiye sauti hiyo, niliwaonya, saa kumi aliyoambiwa mama huyu, kwa mtu yeyote azungumzaye Kiswahili, ni saa kumi jioni, naye alifika kabla ya wakati. Akatia sahihi. Akaandika jina lake lote, cheo chake, na namba yake ya kazi.

Annonciata alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Banakupima na ile mashine?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ile sura nyekundu, ni yako?"

"Usijali ya kwangu. Njoo nikufundishe."

Kwenye karatasi nyingine akamchorea, kama zamani. Weka kadi. Weka barua yangu juu ya kioo, maandishi yakitazama chini. Kitufe cha bluu, mashine inapiga picha. Kitufe cha bluu tena, imetumwa. Baada ya hapo, umemaliza. Alimrudishia mara tatu. Hakumchorea nyuso, ile ya kijani inayocheka na ile nyekundu inayonuna, maana nyuso zilikuja mwisho kabisa, barua ikiwa imeshakwenda. Uso wa kijani ulilifunga faili, lilijulikana hilo, lakini faili lililokwisha kutumwa halikujali kufungwa.

"Bluu, bluu, basi," alisema Annonciata.

"Bluu, bluu, basi."

Annonciata akavuka mstari. Mumbi akasimama nyuma yake, ncha za viatu zikigusa manjano. Griffins alikuwa ametoka na kikombe cha chai, ameegemea rafu ya vitabu vya mapishi, anatazama.

Kadi ikaingia. Karatasi ikalazwa juu ya kioo, ikanyooshwa kwa viganja viwili, kama mtu anavyonyoosha nguo ya kanisani. Bluu. Mwanga ukapita chini ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia.

Kitufe cha bluu cha pili hakikutokea.

Zilitokea nyuso mbili. Mumbi aliziona juu ya bega la Annonciata. Walikuwa wamebadilisha kurasa tena. Jana jioni, au alfajiri, mtu mahali fulani alikuwa amehamisha ukurasa mmoja akauweka mbele ya mwingine, wala hakumwambia mtu.

"Kabla ya kutuma," ilisema sauti yake mwenyewe, kwa furaha ileile, "tuambie. Je, umeridhika na huduma yetu leo?"

Annonciata aligeuka nyuma, akamtazama Mumbi. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, tabasamu la mtu aliyebeba zawadi mgongoni akaificha mpaka wakati wake. Kisha akamtazama Griffins na kikombe chake, ili ahakikishe naye anaona.

"Usibonyeze!" Mumbi akauvuka mstari. "Annonciata, usibon—"

"Asante," ilisema sauti ya Mumbi juu ya sauti ya Mumbi. "Tatizo lako. Limetatuliwa."

Skrini yote ilikuwa ya kijani. Mumbi aliifikia, akabonyeza, akabonyeza tena, kwa kidole, kwa kiganja, kwa ngumi. Kila alipogusa, uso ulicheka. Nyuma yake alisikia kikombe kikiwekwa juu ya rafu, na kalamu ikibofya.

"Acha, mama, imekubali," Annonciata alimshika mkono taratibu, ili asijiumize. "Nimekubonyezea ile muzuri. Batakuacha kwa kazi yako sasa."

Mumbi aliishusha ngumi. Alimtazama yule mwanamke, nywele zake bado zikidondosha maji kwenye kola, mfuko mtupu wa mkate umekunjwa vizuri mara nne mfukoni kwa ajili ya barua itakayofuata. Karatasi yake ilikuwa bado imelala juu ya kioo, uso chini.

Ukutani, saa ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa iligonga. Ilikuwa saa nne kamili asubuhi.

"Sasa," Annonciata aliuliza, "bataniita saa ngapi?"

Alimwuliza Mumbi. Lakini mashine ilisikia swali, na swali hilo ilifundishwa kulijibu.

"Sasa ni," ilisema. "Saa. Kumi."