Machozi ya Eulalia Macaraeg

Kwa mara ya saba magari ya Wajapani yalirudishwa nyuma hadi kona ya mtaa, ili yaingie Manila upya na kuikomboa kutoka kwa Wamarekani mbele ya kamera. Wanawake arobaini waliopangwa kando ya barabara wakainua tena vibendera vyao vya karatasi. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa kibaba cha mchele, na mwaka ule wa 1943 mchele ulitosha kumfanya mtu apungie chochote.

Mwongozaji wa filamu, Bwana Kuroiwa, hakuridhika. Alimwendea Eulalia Macaraeg, mshonaji mjane aliyesimama safu ya mbele, akamkagua uso kama anayekagua kitambaa, kisha akamnong'oneza mkalimani wake, Anacleto.

"Mama, una mtoto jeshini?" Anacleto akauliza.

"Mmoja tu, Crispulo. Walimteka vitani, wakampeleka kambi ya wafungwa, Capas. Mwaka mzima sijasikia neno."

Anacleto aliandika jina, akaingia hema la maafisa. Alipotoka, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Yuko hai, mama. Anaachiliwa Jumamosi."

 Magari yalipofika, Eulalia alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Akaudaka mkono wa askari wa kwanza aliyempita, akaubusu. Kamera ikamsogelea hadi karibu.

Walipomaliza, Anacleto alimletea vibaba viwili badala ya kimoja.

"Mama, jina lake limo kwenye orodha ya waliofariki. Kuhara damu, Julai mwaka jana. Bwana alitaka uso wenye furaha ya kweli."

"Na wewe ukaniambia yuko hai."

"Nina watoto wanne, mama."

Mikono ya Eulalia iliupokea mchele kabla hajaamua.

Miezi mitatu baadaye, alasiri, aliingia sinema peke yake. Uso wake ukajaa ukuta mzima.

"Mwone huyo," mwanamke mmoja alisema nyuma yake. "Anambusu Mjapani mkono. Hana hata haya."

"Njaa hiyo, dada," mwenzake akajibu.

"Njaa gani inayomchekesha mtu hivyo?"

Eulalia alijifunika shela hadi puani, asigeuke. Pale ukutani, yeye mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa kwamba Crispulo amekufa.

Taa zikawashwa, watu wakatoka wakisukumana. Yeye alibaki kitini, akisubiri onyesho la saa kumi na moja.